Mto Hauna Dini

Umeme umekatika, mashine imenyamaza, na mpunga hata ukiukodolea macho haukoboki. Kaeni chini. Wewe mama, geuza gunia lako ulikalie, maji hayataliharibu zaidi ya yalivyoliharibu. Mimi nikisema "Lango!" nyie semeni "Fungua!"

Lango!

Nani huyo kasema "karibu"? Hapa hatubishi hodi. Tunaanza upya. Lango!

Ehee. Hapo sawa.

Mimi shule nimeiona kwa nje. Paa lake nimeliezeka mimi, basi, darasani sikuingia. Lakini kesi nilizoamua mimi, mahakimu wote wa wilaya ukiwafunga kamba moja hawanifikii. Niliamua kesi ya ng'ombe aliyekula kitalu cha miche, nikaiamua mpaka ng'ombe mwenyewe akainamisha kichwa akakubali kosa. Ndiyo maana hapa Lukwambe mwenyekiti wa maji ni mimi, na hajatokea wa kunipinga. Mmoja alijaribu, akahama na kuku wake.

Sasa hii moja imenishinda. Nawaambia kabisa, imenishinda. Chakula kikija mbele yangu nakitazama kama picha. Basi nawapa nyie, wakubwa kwa watoto, mniambie.

Palikuwa na lango na watu watatu. Lango lenyewe ni lile la chuma pale juu, mnalijua, lakini nalisema kwa ajili ya mgeni. Likifungwa, mto unapinda, unaingia mferejini, unakuja kunywesha mpunga wetu. Mafuriko yakija, lazima lifunguliwe, maji yapite zake na njia yake ya zamani. Usipolifungua, yote yanaingia mferejini, mfereji unapasuka, na chini ya mfereji kuna nini? Kuna nyie. Kuna vitanda vyenu na watoto wenu juu yake.

Wa kwanza wa watatu hao ni Mzee Mwinyimvua. Mtu wa pwani, alikuja huku kijana akaoa, na mke wake kamzika huku. Kipaji chake ni sikio. Anainama pale langoni, anabandika sikio kwenye chuma, anakwambia, "Mlimani imenyesha. Maji yatafika tukimaliza kula." Na kweli, mnakunja mkeka, hayo yanafika. Mimi nimemshuhudia mzee yule akisikia mtu anafikiria.

Wa pili ni Nakundwa, Mpare, Msabato toka tumboni. Kipaji chake jicho. Wewe unaona maji machafu, yeye anakwambia, "Haya ya kahawia yametoka mashambani, hayana neno. Haya mekundu yametoka korongoni, haya yana magogo." Siafu akipita ng'ambo ya mto, Nakundwa anakwambia anachechemea mguu upi.

Wa tatu ni Ambakisye, Mnyakyusa, mlokole. Kipaji chake mkono. Usukani wa lango lile, maji yakishajaa, wanaume wazima wanauning'inia kama popo na haugeuki. Ambakisye anaugeuza. Ukimpa mkono wa salamu unarudi nyumbani mkono mmoja umekuwa mrefu.

Dini zao sasa. Mzee, Ijumaa adhuhuri lazima awe kwenye kile kimsikiti cha bati kule bondeni, maana waumini ni wachache na wa kusoma hotuba ni yeye peke yake. Asipokwenda, mlango haufunguliwi. Nakundwa, jua likizama Ijumaa hagusi kazi mpaka lizame tena Jumamosi. Na Ambakisye Jumapili ni ya kanisani kutwa.

Nani alipanga wakashikiana zamu? Mimi. Bila karatasi, bila kalamu, kwa mdomo huu. Nakundwa anakaa langoni Ijumaa mchana, jua likizama anamwachia mzee, Jumapili wawili hao wanamshikia Ambakisye. Ilikwenda hivyo mvua baada ya mvua, lango halijawahi kulala peke yake. Na walivyokuwa wakitaniana! Mtu ulikuwa unapanda kule kufuata maneno tu.

Mzee anaanza, "Nakundwa mwanangu, Mungu wako hakuona siku nyingine? Kachagua siku ya gulio!"

"Afadhali wangu, baba. Wako kachagua saa ya kula."

Ambakisye naye, "Wangu mjanja. Kachagua siku ambayo hata bosi hatoki kitandani."

Wanacheka mpaka lango linatetemeka. Mwezi wa mfungo Nakundwa ndiye aliyekuwa anampikia mzee uji wa kufuturia. Nalisema hilo mlikumbuke mbele.

Lango!

Basi. Wiki ile mzee alikuwa na hitma ya marehemu mke wake, Ijumaa baada ya magharibi. Alhamisi akamkuta Ambakisye njiani, kashika Biblia na shuka, anaharakisha. Ambakisye alikuwa anakwenda kujifungia kanisani. Ana binti yake, Tusekile, anaanguka kifafa. Hospitali wamekwenda, dawa anakunywa, na bado anaanguka. Ambakisye akaweka nadhiri. Toka Alhamisi jioni hadi Jumamosi mchana atakaa ndani ya kanisa, hali, hanywi, hatoki, hagusi kazi ya mkono, na Jumapili zake zote zilizobaki duniani ni za Mungu, ili mtoto apone.

Mzee aliambiwa tu kwamba anakwenda kuomba kanisani, siku hakutajiwa. Akamwambia, "Mwanangu, nina hitma. Nishikie lango usiku wa Jumamosi."

Ambakisye akapiga hesabu yake: Jumamosi mchana namaliza, usiku niko huru. Akajibu, "Usijali mzee wangu. Nitakuwepo."

Wakaachana kwa amani, kila mmoja anamwombea mwenzake.

Mmeona palipoharibika? Hamjaona. Hata mimi sikuona, na mimi naona mbali.

Mzee ni mtu wa pwani. Kwao siku inaanza jua likizama. Usiku unatangulia, mchana unafuata. Kwa hiyo akisema usiku wa Jumamosi, anasema ule wa kuamkia Jumamosi. Jua la Ijumaa likishazama tu, kwake huo ndio usiku wa Jumamosi! Ambakisye ni mtu wa bara. Kwao kumepambazuka kwanza, kukashinda, halafu kukachwa. Usiku wa Jumamosi kwake unakuja Jumamosi ikishaisha. Neno moja, Kiswahili kile kile kimoja, na katikati yake pakabaki usiku mzima hauna mwenyewe.

Mzee akamwambia Nakundwa, "Ijumaa jua likizama anakuja Ambakisye badala yangu." Nakundwa hakuwa na sababu ya kuuliza. Ijumaa ikafika. Jua likagusa mlima, Sabato inaingia, Ambakisye haonekani. Akatazama njia. Akasema moyoni, yule mtu hajawahi kuchelewa, yuko nyuma ya kichaka kile. Akafunga kitenge chake, akashuka nyumbani. Nyumba yake iko hapo hapo chini ya mfereji.

Lango likabaki peke yake. Na mlimani mvua ilikuwa inanyesha, jamani, mvua ambayo vyura walikuwa wanagonga milango ya watu kuomba hifadhi.

Mzee yuko kwenye hitma. Wameshaanza Yasini. Katikati ya aya akanyamaza. Wenzake wakadhani amekumbwa na majonzi. Akainamisha kichwa hadi sikio likagusa sakafu, akasema, "Huo mto haujafunguliwa." Akainuka. Shemeji yake akamshika kanzu: "Mwinyimvua! Unaiacha hitma ya dada yangu katikati?" Mzee akajitoa, kanzu ikabaki imechanika, akatoka mbio. Mzee wa umri ule, mbio!

Akafika langoni, hakuna mtu. Akaushika usukani, usukani hata haukumtambua. Akashuka mpaka kanisani, akapiga mlango kwa ngumi zote mbili.

"Ambakisye! Si nilikwambia usiku wa Jumamosi?"

Sauti ikatoka ndani, kavu, mtu hajanywa maji toka jana. "Mzee wangu, leo si Ijumaa?"

"Jua limezama! Huu ndio usiku wa Jumamosi!"

"Kwetu usiku wa Jumamosi ni kesho, mzee!"

"Kwetu, kwenu! Maji hayakuuliza kwetu wala kwenu! Toka!"

"Nimeweka nadhiri, mzee. Nikivuka kizingiti hiki, Tusekile..." Hakumaliza. Halafu komeo likagonga, Ambakisye akatoka. Alivuka kizingiti macho kayafumba, kama mtu anayeruka moto.

Wakapita kwa Nakundwa. Taa imewashwa, watoto wamekaa, chakula kilipikwa toka mchana, wanaimba wimbo wa kufungua Sabato. Mzee akasimama mlangoni na kanzu yake iliyochanika.

"Nakundwa mwanangu. Maji."

"Baba, Sabato imeshaingia."

"Najua. Na mimi nimeiacha hitma ya mke wangu. Na huyu hapa ameivunja nadhiri ya mtoto wake. Sasa sikio langu na mkono wake bila jicho lako tutafanya nini kwenye giza hili?"

Nakundwa akasogea mlangoni. Akautazama mtaro unaopita mbele ya nyumba. Maji yalikuwa yameshakuwa mekundu. Akachukua tochi. Mwanawe wa kwanza akauliza, "Mama, tuendelee kuimba?" Akasema, "Imbeni nyie." Akatoka.

Kule juu sasa sikilizeni, maana hapa ndipo penye ugumu wa kesi. Ambakisye akaushika usukani, misuli imevimba, anataka kuzungusha. Nakundwa akapiga kelele, "Usiguse! Kuna gogo limelala chini ya lango. Ukifungua sasa linabana, meno ya chuma yanakatika!" Mzee sikio lake liko kwenye chuma. "Wimbi kubwa lipo kwenye kona ya mwisho. Likija litaliinua." Wakangoja. Maji yamewafika kiunoni, mfereji unalia kama ng'ombe anayezaa, nao wanangoja. Mzee akasema, "Limefika." Nakundwa akaliona gogo linanyanyuka, linageuka ubavu, linatoka. Akaita, "Fungua!"

Na Ambakisye akafungua. Mtu ambaye hajala toka Alhamisi. Alifungua mpaka ngozi ya viganja ikabaki kwenye usukani, na siku ya pili niliiona kwa macho yangu, hapo sitii chumvi.

Lukwambe ikapona. Mmelowa magunia, mmepoteza kuku, basi. Hakuna aliyezikwa.

Mngedhani hapo tunachinja, tunakula. Hapana. Jumatatu akaja Meneja mpya wa skimu ya umwagiliaji, mwajiri wao. Sisemi ni mtu mbaya. Ningependa awe mbaya, ningejua pa kumshika. Akawakalisha wote watatu pale langoni, na mimi nikiwepo.

Akasema, "Lango lilikaa bila mtu toka jua kuzama."

Mzee akasema, "Kosa ni langu, mimi ndiye niliyesema vile." Ambakisye akasema, "Langu, sikuuliza usiku upi." Nakundwa akasema, "Langu, niliondoka kabla mwenzangu hajafika." Kila mmoja analivuta kosa kwake, kama bado ni watu wale wale wa utani.

Meneja akasema, "Nyie mnasema dini haziruhusu kazi siku zenu. Mbona Ijumaa ziliruhusu? Kumbe mkiamua mnaweza."

Nakundwa akamtazama. "Hazikuruhusu, Bwana Meneja. Tulizivunja."

"Basi mnaweza kuvunja."

"Mara moja, kwa ajili ya roho za watu. Siyo kila wiki kwa ajili ya ratiba."

Meneja akavua kofia, akajifuta uso. Akasema pole pole, "Mama, ningekuwa na watu kumi ningewapa siku kumi. Nina watatu, na wa nne sipewi. Mto hauna dini. Haupumziki Ijumaa, haupumziki Jumamosi, haupumziki Jumapili. Nyie mkimshikia mmoja siku yake, nafasi ya mmoja inabebeka. Tatu hazibebeki, mmeona wenyewe. Nitaruhusu siku moja. Mmoja wenu abaki na siku yake. Wawili wafanye kazi siku yoyote watakayopangwa, au waache nafasi kwa wengine."

Akanigeukia mimi. "Mwenyekiti, hawa ni watu wako. Nipe jina. Usiponipa, naleta watatu wapya kutoka mbali, na hakutakuwa na siku ya mtu yeyote."

Mimi huyu, mwenye mdomo, nikasema, "Sawa." Nilidhani ni kesi kama kesi.

Mzee akanifuata jioni. Akakaa, akavua kofia yake, akaigeuza geuza. "Mwenyekiti, mimi sina muda mrefu. Nikikosa Ijumaa, kile kimsikiti kinafungwa, watajaa popo. Mke wangu nimemkatizia Yasini. Nikamkatizie na adhana? Bila sikio langu mngekuwa mnaelea." Kweli au si kweli? Kweli.

Nakundwa hakuja kwangu, nilikwenda mimi. Nikamkuta anachambua mchele. Nikamuuliza, kanisani wamekusema? Akasema, "Hakuna aliyenisema, Mwenyekiti. Mchungaji kaniambia hata ng'ombe akitumbukia shimoni siku ya Sabato anatolewa. Ila nilimwahidi mama yangu akiwa anakata roho kwamba sitaivunja, na sijawahi kuivunja hata siku moja, mpaka ile. Sasa nikifungua mdomo kuimba sauti haitoki. Nikikosa na Jumamosi zinazokuja, itarudi lini?" Akaendelea kuchambua. "Bila jicho langu lango lingekatika meno." Kweli tena.

Ambakisye nilimkuta kitandani kwa mtoto. Viganja vimefungwa vitambaa. Tusekile alikuwa ameanguka tena Jumamosi ile ile. Ambakisye hakuninyanyukia. Akasema, "Mwenyekiti, sisemi Mungu anamlipiza mtoto. Mke wangu ananikataza kusema hivyo. Lakini usiku nafsi inasema yenyewe. Jumapili ndizo zilizobaki katika nadhiri yangu. Ukinichukulia hizo, nitapiga goti nikiwa na nini?" Mkono wake aliuficha chini ya shuka. "Na bila mkono huu..." Nikamwambia nyamaza, najua.

Wewe kijana unanyoosha kidole, unataka kusema wapokezane, wiki hii huyu, wiki ijayo yule. Unadhani sikusema? Meneja alinijibu, "Kupokezana ndiko kulikoacha lango bila mtu." Mimi, mwenye mdomo, nikavaa kofia nikaondoka.

Na wewe mama unasema apewe mwenye mgonjwa. Basi wewe nenda kamwambie mzee kwamba mkewe aliyekufa ni mdogo kuliko mtoto anayeumwa. Mimi nilikwenda mpaka mlangoni kwake, nikarudi.

Yule kule nyuma anasema aombwe kila mmoja amwachie mwenzake. Niliwaomba. Nikawaita wote langoni nikasema, wanangu, mzee wangu, nani anamwachia mwenzake? Kila mmoja akatazama maji. Watu waliokuwa wanagombania kosa Jumatatu asubuhi, siku wanaishikilia hakuna wa kuiachia. Na siwalaumu. Kosa unaweza kumpa mwenzako robo. Mungu wako utamkata wapi?

Toka siku hiyo nikipanda kule hakuna kicheko. Mzee anakaa upande wa mwembe mdogo, Nakundwa kwenye jiwe, Ambakisye kwenye usukani mgongo umewageukia. Juzi Nakundwa alileta chungu cha uji akakiweka katikati kama zamani. Kilipoa pale. Jioni akakibeba akakimwaga mtoni, na hakuna aliyemuuliza.

Kesho asubuhi Meneja anakuja kuchukua jina, na asiyetajwa hatavunja siku yake, ataacha kazi. Nikimtaja mzee, jicho na mkono vinaondoka. Nikimtaja Nakundwa, tunabaki hatusikii na hatugeuzi. Nikimtaja Ambakisye, ataugeuza usukani gizani, juu ya gogo asiloliona, kwa wimbi asilolisikia. Nisipotaja, wanakwenda wote, na lango analishika mtu ambaye hajui hata kijiji chenu kiko upande gani.

Na mlimani tazameni. Kumeanza kufunga wingu tena.

Mimi nilikuwa nasema hakuna kesi iliyowahi kunilaza macho. Basi nimelazwa. Siku ni moja. Sikio, jicho na mkono vilikuwa sawa, na kila kimoja kilitoa kisichorudi. Wewe ungekuwa ndiye wa kutaja kesho, ungemtaja nani, na wale wawili ungewatazamaje njiani?

Nitaita kwa mara ya mwisho. Msiniambie "Fungua". Niambieni jina.

Lango!